Karanga za Kongwa, Lawama za London

Vita vilipokwisha, Waingereza walidhani sasa watakula. Mei 1945, mwezi uleule Ujerumani iliposalimu amri, mgawo wa mafuta ya kupikia ulipunguzwa kutoka aunsi mbili hadi aunsi moja kwa mtu kwa wiki, kiasi kisichofika gramu 30. Sukari, nyama, siagi, majarini na chai vyote viliendelea kununuliwa kwa kitabu cha mgawo. Kisha Julai 21, 1946, serikali ya chama cha Labour ikafanya jambo ambalo hata Hitler na manowari zake hakuweza kuwalazimisha kulifanya: ikauweka mkate nao kwenye mgawo.

Miaka yote sita ya vita mkate uliliwa bila kuponi. Ulikuwa mkate mbaya, wa rangi ya udongo, lakini ulikuwapo. Sababu za serikali zilikuwa za kweli. Ngano ilikuwa haba duniani kote, India ilikuwa inanyemelewa na njaa, na Uingereza ilikuwa inawalisha mamilioni ya Wajerumani katika eneo la Ujerumani lililowekwa chini ya jeshi lake. Jaribu kumweleza hayo mama aliyesimama foleni tangu asubuhi na mtoto mgongoni. Umoja wa akina mama wa nyumbani, uliokuwa umeundwa mwaka mmoja tu kabla, ulianza kukusanya saini. Winston Churchill, ambaye wapiga kura walimwangusha mwaka 1945, akainuka bungeni na kudai maelezo. Na mwenyekiti mpya wa chama chake, Conservative, akawa Lord Woolton, mtu yuleyule aliyekuwa Waziri wa Chakula wakati wa vita na kusimamia mgawo huohuo, kiasi kwamba pai moja ya viazi na karoti, isiyo na hata chembe ya nyama, ilipewa jina lake. Alikuwa anapendwa. Sasa alikuwa na kazi ya kuwafanya watu wachukie kile alichokuwa amewauzia kwa tabasamu.

Aliyekaa kwenye kiti chake cha zamani alikuwa John Strachey, ambaye alikuwa amekabidhiwa Wizara ya Chakula mwishoni mwa Mei 1946. Strachey hakuwa mjinga hata kidogo. Alisoma Eton, shule ya watoto wa mabwana, kisha akageuka Mmarx na miaka ya 1930 vitabu vyake vya kutabiri kufa kwa ubepari vilisomwa sana na vijana wa mrengo wa kushoto. Mtu wa namna hiyo akipewa wizara inayogawa aunsi za majarini, hawezi kuridhika na kuhesabu kuponi. Anataka kuonyesha kwamba serikali ikipanga, chakula kinapatikana.

Alipoingia ofisini alikuta wazo likimsubiri mezani.

Wazo hilo halikutoka kwa msoshalisti yeyote, na hapa ndipo watu wengi wanaosimulia kisa hiki hupita haraka. Lilitoka kwa Frank Samuel, mkurugenzi mkuu wa United Africa Company, kampuni ya biashara iliyokuwa mali ya Unilever, watengenezaji wakubwa kabisa wa majarini na sabuni. Machi 1946 Samuel alikuwa akiruka juu ya Tanganyika kwa ndege. Alitazama chini akaona nyika isiyo na mwisho na isiyo na watu, au ndivyo ilivyoonekana kutoka juu, akapiga hesabu. Karanga hutoa mafuta, mafuta hutoa majarini, na karanga za Tanganyika zingelipwa kwa pauni badala ya dola. Hilo la dola lilikuwa kubwa. Uingereza ilikuwa imefilisika. Mwaka huohuo ilikuwa inakopa dola bilioni 3.75 kutoka Marekani, na kila tani ya mafuta iliyonunuliwa nje ya himaya ilikuwa inautafuna mkopo kabla haujapoa.

Wakati huohuo, huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, magunia ya karanga zilizolimwa na wakulima wadogo kwa jembe la mkono yalikuwa yamerundikwa kama mapiramidi kwa sababu reli haikuwa na mabehewa na vichwa vya treni vya kutosha kuyafikisha pwani. Kampuni ya Samuel ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karanga hizo. Kununua vichwa vya treni, hata hivyo, si jambo la kumfanya waziri apigiwe makofi.

Ujumbe wa watu watatu ukatumwa Afrika Mashariki kuangalia. Kiongozi wake alikuwa John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Pamoja naye walikuwa David Martin, mtu wa mashamba wa United Africa Company, na John Rosa, mtu wa fedha. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari ikiwa angani, na Septemba 1946 wakarudi na mpango wa kutisha kwa ukubwa: ekari 3,210,000, sawa na kilomita za mraba 13,000 hivi, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mashamba 80 yawe Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, 10 Kenya. Gharama pauni milioni 25 hivi. Tarakimu zilikuwa zimekaa sawasawa kiasi kwamba mtu angedhani karanga zimekwisha kuvunwa.

Kitu kimoja hakikuwemo: shamba la majaribio. Hakuna aliyeambiwa apande ekari elfu moja, asubiri misimu miwili, aone. Kusubiri kungemaanisha kwamba Mwingereza ataendelea na aunsi yake moja, na uchaguzi ungekuja kabla ya mavuno. Kwa maoni yangu kosa lote limo humo, na mengine yaliyofuata ni matawi yake. Novemba 1946 serikali ya Clement Attlee ikalitangazia Bunge kwamba mradi umekubaliwa. Wabunge wa Conservative hawakupinga. Walikuwa na maswali yao, lakini nani angesimama mbele ya wapiga kura wake aseme hataki majarini?

Waliotumwa kuanza kazi Kongwa, katika Ugogo wa Tanganyika, walifika mwanzoni mwa 1947 wakakuta nchi ambayo wenyewe, Wagogo, wangeweza kuwaeleza kwa dakika kumi. Mvua ya Ugogo haina miadi. Mwaka mmoja inanyesha, mwaka wa pili inadondosha matone ikaondoka. Wazee waliokuwa hai mwaka 1947 walikuwa wameishi njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, iliyoua watu wengi mno baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kupita yakikomba ng'ombe, nafaka na wapagazi. Ndiyo maana Mgogo aliweka mali yake katika mifugo inayoweza kuhamishwa na katika uwele na mtama. Nyika ambayo Samuel aliiona tupu kutoka hewani haikuwa tupu kwa bahati mbaya.

Matrekta yalikuwa haba dunia nzima, kwa hiyo mawakala wa mradi wakanunua mitumba. Mengine yalitoka Ufilipino, yameachwa na jeshi la Marekani yakiliwa na kutu. Vifaru vya Sherman vilibadilishwa kuwa matrekta katika kiwanda cha Vickers huko Uingereza. Bandari ya Dar es Salaam ikaziba kwa mizigo, na Septemba 1947 wapagazi wa bandari hiyo wakagoma kudai mshahara, mgomo ukasambaa kandokando ya Reli ya Kati. Vitu vilikuwa vimepanda bei kwa kila mtu, na mradi wenyewe ulichangia, maana ulikuja na maelfu ya watu wa kulishwa katika mkoa usio na uhakika wa chakula.

Porini, katapila mbili ziliunganishwa kwa mnyororo mzito na kwenda sambamba zikiangusha kila kilichosimama kati yao. Vichaka vililala, vikainuka tena nyuma ya mashine. Mizizi ikabaki ardhini ikivunja majembe. Mibuyu ilikuwa balaa la peke yake, na ndani yake mlikuwa na nyuki ambao hawakujali nani ni meneja na nani ni kibarua. Wengi wa madereva walikuwa vijana waliopewa mafunzo ya haraka, na ilikuwa rahisi mno kwa ofisi kuandika kwamba mashine zimeharibiwa na Mwafrika asiyejua kuendesha. Mashine zenyewe zilikuwa zimekufa kabla hazijapanda meli.

Kisha udongo. Wakati wa mvua ulikuwa mwekundu na laini, ukawadanganya. Jua lilipowaka ukakauka kama sakafu ya saruji. Karanga, tofauti na mtama, zinakomaa chini ya ardhi, na wakati wa kuvuna ardhi ilikataa kuziachia. Hesabu ya mwaka wa kwanza ilitaka ekari 150,000 zipandwe. Zilizopandwa ni 7,500.

London nayo ilikuwa na matatizo yake. Majira ya baridi ya 1947 yalikuwa makali kuliko yaliyokumbukwa na wengi. Makaa ya mawe yakakwama machimboni na relini, viwanda vikafungwa, umeme wa majumbani ukakatwa kwa saa. Waziri wa Nishati, Emanuel Shinwell, alikuwa amewahakikishia watu kwamba hakutakuwa na shida. Chama cha Conservative kikatunga wito uliowaunganisha mawaziri wawili kwa mpigo: tetemeka na Shinwell, shinda njaa na Strachey. Kwa Kiingereza herufi za majina zinakwenda sambamba na maneno, unakaa ulimini, na hakuna waraka wa serikali unaoweza kujibu wito wa namna hiyo. Agosti ya mwaka huo hazina ya dola ikakauka. Mradi wa karanga ukawa hauwezi kuachwa tena, maana ndio ulikuwa jibu la Strachey kila alipoulizwa mafuta yatatoka wapi.

Mwaka 1948 kampuni ya Samuel, iliyokuwa ikiendesha kazi kama wakala wa serikali, ikakabidhi mradi na kuondoka. Mrithi alikuwa Shirika la Chakula la Ng'ambo, lililoundwa kwa sheria ya Bunge na kuruhusiwa kukopa hadi pauni milioni 50. Mwenyekiti wake alikuwa Leslie Plummer, rafiki wa Strachey, mtu aliyetoka katika uongozi wa magazeti ya Express. Huko Kongwa akawekwa Meja Jenerali Desmond Harrison, aliyeendesha mambo kwa utaratibu wa kambi ya jeshi. Kampuni binafsi iliyoleta wazo ikawa imetoka mlango wa nyuma, na tangu siku hiyo gazeti lolote lililotaka kuandika kwamba karanga ni ushahidi wa ujinga wa usoshalisti halikuhitaji kulitaja jina la Unilever.

Kuanzia hapo lawama ilikuwa inapigwa danadana. Shirika lilisema limerithi vitabu vya hesabu visivyoeleweka kutoka kwa kampuni. Watu wa porini walisema London inawasukuma kung'oa ekari ili waziri awe na tarakimu ya kusoma bungeni. London ikasema watu wa porini wanatumia fedha bila kuandika. Wote walikubaliana kwamba mvua imewaangusha, na msimu wa 1948 hadi 1949 kweli ukame ulipiga, lakini kuulaumu ukame wa Ugogo ni sawa na baharia kuilaumu bahari kwa kuwa na chumvi.

Hesabu za mwaka ulioishia Machi 1949 zilipochapishwa vuli ya mwaka huo, zilionyesha zaidi ya pauni milioni 20 zimetumika na karanga hazionekani. Wakaguzi wa hesabu wakakataa kuthibitisha kwamba vitabu vimetunzwa ipasavyo. Kwa mkulima wa Tanganyika sentensi ya mkaguzi ni maneno ya karatasi tu. Kwa Bunge la Uingereza ni baruti. Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya: Septemba hiyohiyo Waziri wa Fedha, Stafford Cripps, alikuwa ameishusha thamani ya pauni kutoka dola 4.03 hadi 2.80, baada ya kukana kwa miezi kwamba ana nia hiyo. Bei za vyakula kutoka nje zikapanda. Mtu wa kawaida wa Leeds au Glasgow hakuhitaji kuelewa viwango vya kubadilisha fedha ili aunganishe mambo: fedha yangu imepungua, sahani yangu imepungua, na kuna milioni kadhaa zimezikwa Afrika.

Novemba 1949 mjadala mkali ukazuka bungeni. Upinzani ulidai tume huru ya uchunguzi. Serikali ikakataa. Strachey hakujiuzulu. Aliutetea mradi na kumtetea Plummer, akisema mambo makubwa yana hasara zake mwanzoni. Lakini mtu alilazimika kuangushiwa jumba bovu, na macho yakawaangukia wajumbe wawili wa bodi ya Shirika, Wakefield na Rosa, walewale walioandika ripoti ya 1946. Wakaombwa wajiuzulu. Wakakataa. Wakafukuzwa. Lipo jambo la haki hapo, kwa kuwa tarakimu za 107 na 30,000 zilikuwa zao. Lipo pia la hila. Ripoti yoyote ni karatasi mpaka serikali ikubali kuilipia, na walioikubali bila shamba la majaribio walikuwa mawaziri walioketi kwenye meza ya Attlee, wakipigiwa makofi na pande zote mbili za Bunge.

Nani alikuwa na haki ya kuipangia ardhi ya Kongwa? Tanganyika haikuwa hata koloni la kawaida, ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilikuwa imeahidi kuitawala kwa manufaa ya wenyeji. Katika makelele ya 1949 swali hilo lilipata nafasi ndogo. Fedha zilizopotea zilikuwa za mlipakodi wa Uingereza, kwa hiyo aliyeombwa radhi ni mlipakodi wa Uingereza.

Februari 1950 uchaguzi ulifika. Neno karanga likawa kejeli ya mikutano ya hadhara: mgombea wa Labour akianza kueleza mafanikio, hospitali za bure na ajira kwa wote, mtu huko nyuma anapaza sauti kumuuliza za karanga. Wingi wa Labour bungeni, uliokuwa wa kuzidi viti 140, ukabaki viti vitano. Siwezi kusema karanga ndizo zilizofanya hivyo. Foleni, kodi na uchovu wa miaka kumi ya kuponi vilitosha. Lakini karanga zilimpa mpinzani kitu cha kushika mkononi, na kura nyingi hupigwa kwa vitu vya kushika mkononi. Strachey akahamishiwa Wizara ya Vita. Chakula akapewa Maurice Webb. Plummer akaondoka katika Shirika kabla mwaka haujaisha.

Januari 1951 serikali ikatoa waraka wa kukiri. Mradi kama ulivyokusudiwa umekufa, na pauni milioni 36.5 zimefutwa kwenye vitabu. Miezi hiyohiyo, kwa sababu ya mvutano wa bei na Argentina, mgawo wa nyama ulishushwa chini kuliko wakati wowote wa vita. Sidhani kama kuna serikali iliyowahi kupata majuma mabaya kuliko hayo ya kutangaza hasara ya chakula.

Huku Tanganyika vilibaki vipande. Urambo, tawi la magharibi la mradi, pakapata uhai kwa tumbaku. Kusini, ambako Nachingwea palitarajiwa pawe pa tatu kwa karanga, reli ilijengwa kutoka bandari mpya ya kina kirefu ya Mtwara. Bandari ikafunguliwa 1954 na ingali ikipakia korosho. Reli ilikosa mzigo na baada ya Uhuru ikang'olewa. Miaka ya 1960 Kongwa na Nachingwea zikawa makambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na hakuna mpangaji wa London aliyekuwa na ekari ya jambo hilo kwenye mahesabu yake. Kongwa yenyewe mabaki ya mradi yakageuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe chini ya Shirika la Kilimo la Tanganyika, lililoundwa 1955. Waziri wa Makoloni wa wakati huo alikuwa Alan Lennox-Boyd, Mconservative aliyekuwa mmoja wa walioushambulia mradi alipokuwa upinzani. Sasa mabaki ya mradi huo yalikuwa yake.

Kwa maana chama cha Conservative kilishinda Oktoba 1951, ingawa Labour ilipata kura nyingi zaidi nchini. Kiliahidi kuwakomboa watu na vitabu vya mgawo. Kilichukua karibu miaka mitatu kufanya hivyo. Majarini, siagi na mafuta ya kupikia viliachiwa huru Mei 1954, bila msaada wa karanga za Kongwa, na nyama ikafuata Julai. Katika miaka hiyo mitatu waliokuwa wakiinuka bungeni kuuliza serikali chakula kiko wapi walikuwa Labour, na kwenye mabenchi yao, akiwa mbunge mpya wa Deptford, alikuwa ameketi Sir Leslie Plummer.